Bunduki nyuma ya makoti

Niliikuta nikitafuta mashine ya kufyonzea vumbi. Ilikuwa Novemba 2008, wiki yangu ya tatu mjini Winterthur, Uswisi, mume wangu yuko kazini. Tulipanga nyumba ndogo ya ghorofa ya tatu, na kwenye korido palikuwa na kabati moja tu, alilolitengeneza mwenyewe kwa sababu kazi yake ni useremala. Nikasogeza makoti ya baridi. Nyuma yake, pembeni kabisa, kitu kirefu kimeegemezwa ukutani. Kabla akili haijasema neno, mikono ilikwisha kuyarudisha makoti mahali pake.

Mimi ni mtoto wa Muleba. Aliyekulia mkoa wa Kagera miaka ya 80 hahitaji kuelezwa umbo la bunduki. Siku hiyo sikufagia. Nilikaa jikoni na simu mkononi, nikipanga nimpigie nani, na nimwambie kwamba nimeolewa na nani hasa.

Jioni tukiwa tunakula nikamuuliza ile ya kabatini ni ya nani. Akafikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa mwavuli ulioachwa mlangoni ni wa nani.

"Ya jeshi."

"Lakini wewe si mwanajeshi."

"Ni mwanajeshi. Wiki 3 kwa mwaka."

Akaomba chumvi.

Huko nyuma nilikuwa nimesikia kwamba Uswisi ni nchi ya benki, saa, chokoleti na kutoegemea upande wowote. Hakuna aliyenitajia kwamba nchi hii isiyopigana na mtu ina bunduki ya serikali katika nyumba nyingi kiasi kile, zimewekwa pamoja na vifaa vya kuteleza kwenye theluji na ubao wa kupigia pasi. Katiba yao inasema jeshi limejengwa juu ya mfumo wa wananchi wenyewe, na kila mwanamume wa Kiswisi anawajibika kutumikia. Wanawake wakitaka. Wanajeshi wa kulipwa mwaka mzima ni wachache mno. Waliobaki ni waalimu, wauza bima, wakamuaji wa ng'ombe na maseremala kama wangu. Kijana anaitwa, anakaa kambini (siku hizi wiki 18), kisha anarudi nyumbani na mzigo wake wote: sare, viatu, kofia ya chuma, kinyago cha gesi, na bunduki. Kila mwaka anarudi kwenye kozi ya marudio, mpaka siku zake zitimie. Asiyetumikia kwa sababu inayokubalika hulipa kodi maalumu, asilimia 3 ya kipato.

Ukitaka kuamini, panda treni Jumapili jioni. Mara ya kwanza nilipanda kutoka Zürich nikamkuta kijana wa miaka kama 20 amelala mdomo wazi, bunduki yake iko juu kwenye rafu ya mizigo, imelala karibu na gari la kusukumia mtoto la mama aliyekaa mbele yake. Nilitazama abiria mmoja mmoja nione nani ameshtuka. Aliyeshtuka nilikuwa mimi peke yangu.

Nilipompigia baba simu hatimaye, nilianza na hali ya hewa. Yeye ni mtu wa maneno machache, lakini jambo hili ni lake. Alikuwa mgambo. Alifundishwa kwenye uwanja wa shule ya msingi kwa bunduki ya mti, kulia geuka, kushoto geuka, na watoto wakicheka pembeni. Kisha mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka, yakashika ardhi yote mpaka mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu Nyerere akasema redioni kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Baba anasema aliposikia neno "uwezo" alijitazama, akaona ana panga na shati moja. Wiki chache baadaye alikuwa na bunduki aina ya SMG. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 likapanda kupita 150,000, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ilikuwa mgambo kama yeye. Alifika Masaka. Hakufika Kampala; malaria ilimtangulia.

"Analala nayo?" akaniuliza.

"Iko kabatini, baba."

"Na risasi?"

Nilikuwa sijauliza. Niliuliza usiku huohuo. Mume wangu akapanda kiti, akashusha kutoka rafu ya juu kopo la chuma, limezibwa kiwandani kama kopo la samaki. Ndani yake risasi 50. Kulifungua bila amri ilikuwa kosa, na kila ukaguzi iliangaliwa kama bado limezibwa. Maana yake ilikuwa hii: vita ikizuka ghafla, askari ajipiganie njia kutoka mlangoni kwake mpaka mahali pa kukusanyika. Nilijaribu kuwaza seremala wangu akijipigania njia kutoka Winterthur, akipita duka la mikate. Wakati huo amri ya kuyarudisha makopo yale ilikwisha kutoka, iliamuliwa 2007, na yalikuwa yakikusanywa askari wanapokwenda kozi. La kwetu liliondoka mwaka uliofuata. Bunduki ikabaki, mdomo mtupu.

Baba aliposikia habari ya kopo alinyamaza sana. Halafu akasema, "Sisi tulihesabiwa mpaka vibuyu vya maji."

Ni kweli walihesabiwa, walio wengi. Lakini baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, siku nyingine, kwamba si kila kitu kilichovuka mto kilirudi kwenye hesabu. Miaka ya 80 mwanzoni ng'ombe walianza kuibwa kwa bunduki katika vijiji ambavyo zamani mwizi alikuja na rungu, na Usukumani watu wakaunda sungusungu wakiwa na pinde na mishale. Ndiyo maana mzee anayependa nchi yake kiasi cha kuifia bado anaamini kwamba bunduki ya vita ikiisha kazi ilale kwa mwenyewe, yaani serikali, na mlango ufungwe kwa nje.

Hapa niseme kidogo juu ya neno. Wazee wetu walisema la mgambo likilia lina jambo. Mgambo hapo ni mbiu, ile pembe inayopigwa ili watu wote watoke nje wasikie. Kutoka kwenye pembe, neno likahamia kwa watu wanaoitika: raia anayeacha jembe, anapigana vita, anarudi kwenye jembe. Leo ukimwambia kijana wa Kariakoo "mgambo", anafunga meza yake ya mitumba na kukimbia. Sijui lugha nyingine ambamo mlinzi wa wote ameshuka daraja kwa kasi namna hii. Waswisi neno lao halijachakaa hivyo, labda kwa sababu mgambo wao ni shemeji ya kila mtu.

Kuweka silaha nyumbani kwao ni jambo la zamani kuliko shirikisho lenyewe, lakini lililoandikwa kwa nchi nzima ni la 1874. Miaka michache kabla, Ufaransa na Prussia walipigana mlangoni kwao, na Februari 1871 Wafaransa wapatao 87,000 walioshindwa wakavuka mpaka kwenye theluji wakiomba hifadhi. Uswisi iliwapokea, ikawanyang'anya silaha, ikawalisha, na hapohapo ikaona jinsi jeshi lake lenyewe lilivyokuwa viraka, kila jimbo na lake. Katiba ya 1874 ikaliunganisha, ikasema askari apewe vifaa bure, na silaha ibaki mikononi mwake. Septemba 1939 mbiu ilipopigwa, zaidi ya watu 400,000 waliacha mashamba na viwanda kwa siku chache tu, kwa sababu hakuna aliyehitaji kupanga foleni kwenye ghala. Babu yake mume wangu alikuwa mmojawapo. Familia ina picha yake amekaa juu ya nyasi na wenzake, wanakula jibini, bunduki zimesimamishwa pamoja kama kuni.

Ukweli ni kwamba ile kwenye kabati letu haikuwa na maisha ya kusisimua. Ni SG 550, wao huiita bunduki ya 90, kilo 4 na ushei. Ilitoka mara mbili kwa mwaka. Mara moja kwa kozi. Mara ya pili kwa shabaha ya lazima, ambayo kila askari hupiga kwenye klabu ya shabaha ya kijijini kabla Agosti haijaisha: risasi 20, umbali wa mita 300, unatakiwa pointi 42 kati ya 85. Waswisi hupenda kufanya mambo mapema, ila hili hawalipendi, kwa hiyo Jumamosi ya mwisho ya Agosti utawaona wanaume wa makamo juu ya baiskeli, bunduki mgongoni, wanakanyaga kama wanafunzi waliochelewa mtihani. Nilimsindikiza 2009. Mlio ule mara ya kwanza uliniingia tumboni. Alipata 41. Akanunua risasi nyingine kwa pesa yake, akarudia, akapita, tukala soseji. Pembeni wazee walikuwa wanacheza karata. Nilijikuta ninafurahia ile Jumamosi na sikutaka kumwambia baba.

Mtu asidhani bunduki nyumbani ni kitu kimoja kila mahali. Jirani zetu Kenya wana polisi wa akiba kule Turkana, Baringo na Pokot: mfugaji anapewa bunduki na serikali, kwa miaka mingi bila mshahara, na analala nayo pamoja na risasi zake kwa sababu wezi wa mifugo wanaweza kuja usiku huu. Mwaka 2019 serikali ilizichukua silaha nyingi za namna hiyo, ikilalamika kwamba zinatumika vibaya. Baadaye ikalazimika kuwarudia haohao. Kule bunduki iko nyumbani kwa sababu adui yuko mlima wa pili na polisi yuko mbali. Winterthur polisi anafika kabla hujakata simu. Adui hayupo. Kwa hiyo swali langu kwa mume wangu lilikuwa rahisi, na nililiuliza vibaya, kwa sauti ya juu, nikiwa na mimba ya miezi sita: inakaa hapa kumsubiri nani?

Hakuwa na jibu zuri, na hakujifanya analo. Alisema nchi inamwamini. Alisema kuna nchi ambazo serikali inamwogopa raia mwenye fimbo, na hapa inampa bunduki na kumwambia nenda nayo nyumbani. Nikiwa mtu niliyewahi kusimamishwa barabarani na askari aliyetaka kujua nimebeba nini kwenye kikapu cha ndizi, maneno hayo yalinigusa kuliko nilivyotaka.

Aliyenifumbua macho hakuwa yeye. Alikuwa mama yake.

Mama mkwe alizaliwa 1946. Mtu wa kupika, kushona, na kutosema. Mtoto wetu alipozaliwa 2010, alikuja kukaa nasi wiki mbili. Siku moja alikuwa anatundika koti lake, akaiona. Akabaki ameshika koti hewani. Kisha akaja jikoni, akamenya viazi, na bila kuniangalia akanisimulia habari za kaka yake. Alikuwa na miaka 23, amemaliza kambi, amerudi na bunduki yake kama wote. Aliachwa na mchumba, halafu akapoteza kazi. Kama vijana wengi, angeweza kulia mwezi mmoja kisha akaoa mwingine. Ilikuwa 1969. Padri aliwaambia waseme ni ajali wakati wa kusafisha, nao wakasema. Bunduki ilirudishwa jeshini na risiti ikatolewa. Mama yake mzazi aliitunza risiti ile mpaka alipokufa.

"Sisi wanawake ndio tuliofagia kuzunguka vile vitu," akasema. "Lakini hatukuulizwa." Na hapo hakuwa anatumia fumbo. Mwaka 1969 mwanamke wa Uswisi hakuwa na kura ya kitaifa. Aliipata Februari 1971. Nchi ilikuwa imemkabidhi kaka yake silaha ya vita miaka miwili kabla ya kumkabidhi dada yake karatasi ya kura.

Baada ya siku ile nilianza kusoma, na nilisoma nikiwa na mtoto begani. Mauaji yanayotikisa nchi ndiyo yanayoandikwa. Aprili 2006, Corinne Rey-Bellet, aliyewahi kushinda medali ya fedha ya dunia kwenye mbio za theluji, aliuawa pamoja na kaka yake, na aliyeua ni mume wake, ofisa wa jeshi, kwa bastola ya jeshi. Novemba 2007, mwaka mmoja kabla sijafika, binti wa miaka 16 alikuwa anangoja basi mtaa wa Höngg, Zürich. Kijana aliyetoka tu kumaliza mafunzo ya awali akampiga risasi kwa bunduki yake mpya ya huduma. Hawakujuana. Lakini mtu mmojammoja, kimyakimya, ndani ya chumba, ndiko vifo vingi vya bunduki vinakotokea nchi hii, na wengi ni wanaume waliojiua. Mwaka 2003 na 2004 jeshi lilifanyiwa mageuzi, likapunguzwa karibu nusu, na ghafla wanaume wengi wa chini ya miaka 43 wakawa hawana tena bunduki kabatini. Watafiti walipoangalia takwimu baadaye waliona kujiua kumepungua kwa wanaume wa umri huo, na kwa wanawake wa umri huohuo hakukupungua vile. Wachache tu, kama mmoja kati ya watano, ndio walioonekana kugeukia njia nyingine. Waliobaki waliishi. Kaka wa mama mkwe angekuwa na wajukuu.

Februari 13, 2011 nchi ilipiga kura. Pendekezo lilitaka silaha za jeshi zikae kwenye maghala. Mimi sikuwa raia, kwa hiyo niliangalia bahasha zikifunguliwa mezani kwetu kama mtoto anayeangalia wakubwa wanakunywa pombe. Mume wangu aliandika hapana, akanionyesha, maana hakutaka kunificha. Baba yake hapana. Mama mkwe aliandika ndiyo, na mezani Jumapili ile akamwambia mume wake kwa mara ya kwanza katika ndoa yao kwamba kura zao zimeuana. Mzee aliendelea kukata nyama. Geneva na Basel mjini walikubali. Vijiji na milima vikakataa. Jumla asilimia 56 wakasema hapana.

Tangu 2010 askari anaweza kuiacha bunduki yake kwenye ghala bila malipo wala kutoa maelezo. Nilimkumbusha hilo. Alisema wenzake watadhani kuna tatizo nyumbani. Na huo ndio ugonjwa wa mpango huu, naona mpaka leo: anayepaswa zaidi kuiondoa bunduki ndiye anayeona aibu zaidi kuiondoa. Hiari ya namna hiyo ni nzuri kwa asiyeihitaji.

Kiangazi cha 2012 baba alikuja kutuona. Siku ya tatu akaomba aoneshwe. Mume wangu akaitoa, akaiweka juu ya meza ya kulia. Baba, mtu wa miaka 58 anayetafuta miwani yake muda wote, aliinyanyua, akaelekeza mdomo dirishani, akavuta, akachungulia ndani kama kuna kitu, akaachia. Hakuna aliyemfundisha ile aina. Wakatazamana, na kwa kuwa hawana lugha ya pamoja nikabaki nikitafsiri.

"Muulize anayewahesabu ni nani."

Mume wangu akaenda kuleta kijitabu chake cha utumishi. Kila kozi imeandikwa, kila shabaha ina muhuri, namba ya bunduki iko pale. Baba alikipekua ukurasa kwa ukurasa, kwa lugha asiyoijua, kama anayekagua daftari la ushirika wa kahawa. Mwishowe akasema nchi hii ina karani mzuri. Kisha akaniuliza, kwa Kihaya ili nisitafsiri, "Na wewe huogopi tena?"

Nikatambua kwamba sikuwa nimeifikiria tangu Pasaka. Makoti yalitoka na kurudi, mtoto alijifunza kusimama kwa kushika mlango wa lile kabati, na mimi nilikuwa nafyonza vumbi kuizunguka. Kama mama mkwe.

Iliondoka 2013, na napenda kusema ni kwa hoja zangu, ila si kweli. Siku zake za utumishi zilitimia. Mwanajeshi anayemaliza anaweza kuinunua kwa faranga 100, ikageuzwa isipige mfululizo, ila awe na kibali cha polisi na ushahidi wa shabaha: mara mbili ya lazima na mara mbili ya tamasha la shabaha, ndani ya miaka 3. Tamasha hilo huvuta watu zaidi ya 100,000 nchi nzima, na mume wangu kila mwaka alikuwa na kisingizio. Karatasi hazikutimia. Akaivua sare, akaikabidhi pamoja na kinyago na kofia, akarudi na treni mikono mitupu, akalalamika siku mbili kuhusu kofia, si bunduki.

Mwanetu sasa ana miaka 15. Septemba iliyopita aliniambia anataka kwenda Knabenschiessen, mashindano ya shabaha ya vijana wa Zürich, miaka 13 mpaka 17, kule Albisgütli. Jumatatu yake mji hufunga maduka nusu siku. Zamani ilikuwa kwa wavulana tu. Tangu 1991 na wasichana wanapiga. Bunduki ni ileile ya 90. Nilitaka kukataa, nikakosa sababu ambayo isingekuwa pia ya kumkataza baba yake na babu zake wote wawili. Nilikwenda. Mwalimu wa shabaha alikaa ubavuni pake muda wote, mkono karibu na silaha. Risasi 5, pointi 35 ukipata zote. Alipata 24, akalalamikia bega, akataka pipi.

Jioni babu yake alipiga simu kutoka Muleba. Alitaka matokeo, nikampa. Akataka kujua upepo ulikuwaje, nikamwambia hakukuwa na upepo.

"Na bunduki?"

"Imebaki kulekule, baba. Walizihesabu tukiwa hapohapo."

"Haya," akasema. "Mpe simu nimpongeze."